Futiboli ya Kimarekani Ndiyo Iliyonisomesha, na Bado Nasema Walipwe

Tangu Juni 2025 napigiwa simu na watu nisiowajua. Mzazi wa Kapsabet, mwingine wa Iten, mwalimu wa michezo kule Marakwet, wote wana swali moja: ni kweli wanariadha wa vyuo vya Marekani sasa wanalipwa? Wamesikia redioni kwamba jaji ameruhusu vyuo viwalipe wachezaji mamilioni ya dola, na binti yao ana barua ya ufadhili kutoka chuo kimoja cha huko. Wananitafuta kwa sababu njia hiyo nimeipita. Nilikwenda Marekani Agosti 2011 kwa ufadhili wa riadha, nikakimbia mbio za nyika na mita 10,000 kwa chuo kikuu kikubwa cha umma, nikatoka na shahada ya uhasibu mwaka 2016. Sasa nafanya kazi kwenye sacco moja hapa Eldoret.

Huwa nawajibu kwamba ndiyo, wanalipwa, lakini binti yenu huenda asione hata senti ya pesa hizo. Hapo ndipo mazungumzo yanapokuwa marefu, na nimeona heri niyaandike.

Nilipofika kule nilidhani miguu yangu ndiyo inayonilipia ada. Nilikuwa nimekua nikisikia habari za Sally Kipyego, aliyekwenda Texas Tech akashinda mataji 9 ya NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, huku akisomea uuguzi. Kwetu sisi hesabu ilikuwa nyepesi: kimbia vizuri, utasomeshwa. Mwaka wa pili mhadhiri wetu wa uhasibu akatugawia hesabu za idara ya michezo ya chuo chetu chenyewe. Chuo kikiwa cha umma, hesabu zake huwa wazi kwa yeyote anayezitaka. Kazi yetu ilikuwa kuonyesha kila mchezo umeingiza kiasi gani na umetumia kiasi gani. Nikaanzia kwangu. Upande wa mapato ya riadha ya wanawake palikuwa na visenti vya viingilio na michango. Upande wa matumizi palikuwa na ada, malazi, tiketi za ndege, viatu, mishahara ya makocha. Nikapekua kurasa nikafika kwenye futiboli ya Kimarekani na mpira wa kikapu wa wanaume. Hiyo miwili tu ndiyo iliyobakiwa na pesa. Kuogelea, tenisi, gofu, riadha, yote ilikuwa ikilishwa na hiyo miwili.

Tena haikuwa pesa peke yake. Sheria iitwayo Title IX, ya mwaka 1972, inavitaka vyuo vinavyopokea fedha za serikali kuu visiwabague wanawake, na michezo imo. NCAA wakati huo iliruhusu timu kubwa za futiboli kuwa na wachezaji 85 wenye ufadhili kamili. Hakuna mchezo wa wanawake uliokuwa na ufadhili mwingi namna hiyo, kwa hiyo vyuo vililazimika kuwatafutia wasichana nafasi kwingineko ili mizani isawazike. Riadha na mbio za nyika za wanawake ziliruhusiwa ufadhili 18, za wanaume 12.6. Mimi nilikuwa ndani ya hao 18. Kwa hiyo vijana wa futiboli walinisomesha mara mbili: pesa zilikuwa zao, na hata nafasi niliyokalia ilipatikana kwa sababu yao.

Mmoja wao alikuwa kwenye kundi langu la somo la takwimu. Kijana wa Florida, mkubwa wa mwili, mpole, mwenye mwandiko mdogo sana ambao wote tulitaka kuunakili. Jumamosi ya mechi watu zaidi ya 80,000 walijaa uwanjani kumtazama. Jumatatu yuko nasi mezani, vidole vimefungwa bandeji, anatafuta wastani na mkengeuko. Kwenye duka la chuo jezi yenye namba yake ilikuwa dirishani. Jina halikuandikwa mgongoni, maana kanuni hazikuruhusu jina la mchezaji litumike kibiashara, lakini kila mtoto aliyenunuliwa jezi ile alijua ni ya nani. Siku moja tulipita hapo tukielekea maktaba nikamuuliza anapata kiasi gani kwa kila jezi. Akasimama, akanitazama usoni kuona kama namtania.

“Tiketi ya uwanjani mama anapewa bure,” aliniambia. “Nauli ya kutoka Florida ndiyo hana. Hajawahi kuniona nikicheza hapa.”

Nilijua tayari, kutokana na zile hesabu, kocha wake analipwa nini. Katika majimbo mengi ya Marekani mtumishi wa umma anayelipwa kuliko wote, kumzidi gavana, ni kocha wa futiboli au wa mpira wa kikapu wa chuo. Kwa hiyo habari kwamba pesa hazipo sikuweza tena kuiamini. Zipo. Zinakwenda kwa kila mtu isipokuwa yule anayevunjwa mbavu Jumamosi.

Kulikuwa na njaa pia, jambo ambalo nyumbani hakuna aliyeniamini. Mazoezi ya jioni yakichelewa unakuta bwalo limefungwa. Kwenye chumba cha timu palikuwa na vitafunio, lakini kwa kanuni za mwaka ule wa kwanza chuo kiliruhusiwa kutupa matunda, njugu na beigeli, ule mkate mgumu wa duara wenye tundu katikati. Ukipakwa jibini au siagi ya karanga, umeshakuwa mlo, na chuo kimevunja kanuni. Tukautafuna mkavu, wasichana wazima tuliotoka kukimbia kilomita 16. Aprili 2014 Shabazz Napier wa chuo cha Connecticut, nyota wa timu iliyotwaa ubingwa wa mpira wa kikapu mwezi huo, aliwaambia waandishi wa habari kwamba kuna usiku analala njaa. Mwezi huohuo NCAA ikaondoa kikomo cha chakula. Miaka yote ile ilishindikana, kisha ikawezekana kwa siku chache baada ya mtu mmoja maarufu kusema mbele ya kamera.

Watu huniambia, lakini mlipewa shahada bure, mtu ataka nini tena? Mgala muue na haki yake mpe: shahada ile imenipa maisha, na waalimu walionifundisha siwezi kuwalipa. Lakini mimi ni mhasibu. Chuo kinapomsamehe mwanariadha ada, idara ya michezo inakilipa chuo, yaani pesa zinatoka mfuko huu wa chuo na kuingia mfuko ule wa chuo hichohicho. Kiti nilichokalia darasani kingekuwepo hata kama nisingekuja. Bei iliyoandikwa kwenye barua yangu ya ufadhili ilikuwa bei ya mwanafunzi atokaye nje ya jimbo, iliyo kubwa kupita zote, na kwa bei hiyo walionekana wamenipa mali nyingi. Na hata tukisema ni malipo, yalikuwa malipo ambayo aliyeyafanyia kazi hakuruhusiwa kuyajadili, wala kwenda kwingine bila kukaa nje msimu mzima kama anacheza futiboli au mpira wa kikapu.

Mwaka wa tatu nikaumia. Muundi wa kushoto ulianza kwa maumivu ya asubuhi, nikaendelea kukimbia nayo kwa wiki kadhaa kwa kuwa mashindano ya ukanda yalikuwa karibu, hadi picha ya hospitali ikaonyesha ufa kwenye mfupa. Msimu wote nikaukosa. Kila asubuhi nilifungwa mkanda wa kuelea, nikakimbia ndani ya bwawa la kuogelea bila miguu kugusa chini, nikitazama saa kubwa ya ukutani ambayo mshale wake ulionekana hausogei.

Kilichoniumiza zaidi ni ile barua. Ufadhili wangu ulikuwa wa mwaka mmoja mmoja, na chuo kilitakiwa kuniarifu kabla ya Julai 1 kama kitaendelea nao. Mwanafunzi aliyepewa ufadhili kwa alama zake hapotezi masomo kwa kuvunjika mguu. Mimi ningeweza kuyapoteza, na visa ningeipoteza nayo, kwa sababu bila chuo hakuna visa. Miezi ile nilipata alama za juu kuliko wakati wowote, na bado usiku nililala nikiwaza muundi. Barua ilikuja, waliniongezea mwaka. Msichana mwingine wa timu yetu, aliyeumia nyonga, ya kwake haikuja.

Ndipo nikaanza kusoma kesi za zamani. Mwaka 1955 kijana aitwaye Ray Dennison, aliyekuwa akiichezea Fort Lewis A&M kule Colorado, aliumia kichwani uwanjani akafa. Mjane wake akaomba fidia ya mfanyakazi aliyefia kazini. Mwaka 1957 Mahakama ya Juu ya Colorado ikamnyima, kwa hoja kwamba chuo hakikuwa kwenye biashara ya futiboli. Kwa miaka mingi baadaye hoja hiyo ndiyo iliyovikinga vyuo: hawa ni wanafunzi, wanacheza tu. Huku televisheni zikilipa mabilioni. Mkataba wa CBS na Turner wa mwaka 2010 kwa mashindano ya mpira wa kikapu ya kila Machi ulikuwa wa dola bilioni 10.8 kwa miaka 14.

Sasa nieleze kodi, maana hili wazazi wetu hawaambiwi na wakala yeyote. Ofisi ya wanafunzi wa kigeni iliniita nikasaini fomu. Ada ya masomo haikutozwa kodi. Malazi na chakula vilitozwa, asilimia 14, kwa kuwa kwa sheria ya Marekani sehemu hiyo ya ufadhili ni pato la mgeni, na Kenya haina mkataba wa kodi na Marekani wa kumpunguzia mtu. Mama wa ofisi ile alikuwa mkarimu, akanionyesha kwa kalamu mstari mmoja mmoja. Nikamuuliza nitalipa na nini, maana pesa yenyewe sijaishika, nimeila mezani na kuilalia kitandani. Akasema wengi wanatafuta kazi ndani ya chuo, mwisho saa 20 kwa wiki. Nikapata kazi ya kurudisha vitabu kwenye rafu za maktaba usiku. Mazoezi nayo yalikuwa na kikomo cha saa 20 kwa wiki kwenye karatasi, ingawa saa za kusafiri hazihesabiwi, na sisi tulisafiri sana. Serikali iliniandika kwamba nina pato. Chuo kiliandika kwamba sifanyi kazi. Mimi niliyekuwa katikati nilisukuma kigari cha vitabu saa nne za usiku ili niilipie kodi sahani ya wali.

Mwaka wangu wa mwisho mambo yalilegea kidogo. Ed O'Bannon, bingwa wa mpira wa kikapu wa vyuo wa mwaka 1995 akiwa na chuo cha UCLA, alikuwa ameishtaki NCAA mwaka 2009 baada ya kuona sura yake kwenye mchezo wa video bila kulipwa, na Agosti 2014 jaji Claudia Wilken akaamua kwamba makatazo ya NCAA yanavunja sheria ya ushindani. Kuanzia Agosti 2015 vyuo vikubwa vikaruhusiwa kutulipa tofauti kati ya ufadhili na gharama halisi za mwanafunzi: nauli, simu, nguo, sabuni. Kwangu pesa hiyo ya mwezi ilikuwa tiketi ya kwenda nyumbani. Nilimkuta bibi yangu akiwa hai. Nani aliharibikiwa kwa mimi kupewa nauli? Mchezo haukufa, watazamaji hawakukimbia, nami sikuacha kusoma.

Baada ya hapo ukuta ulibomoka haraka. Juni 2021 Mahakama ya Juu ya Marekani, majaji wote 9 kwa sauti moja, iliamua dhidi ya NCAA katika kesi ya Alston, iliyohusu vikomo vya manufaa ya kimasomo ambayo chuo kingeweza kuwapa wachezaji. Julai 1 mwaka huohuo wachezaji wakaruhusiwa kulipwa kwa matangazo yanayotumia majina na sura zao. Na Juni 6, 2025 jaji yuleyule Wilken akaidhinisha makubaliano ya kesi ya House, iliyopewa jina la mwogeleaji wa chuo aliyeishtaki NCAA: takriban dola bilioni 2.8 za fidia kwa waliocheza kuanzia katikati ya 2016, na ruhusa kwa vyuo kugawana mapato na wachezaji moja kwa moja, kikomo kikiwa kama dola milioni 20.5 kwa chuo kwa mwaka wa kwanza. Msimu wangu wa mwisho uliisha Mei 2016, kwa hiyo fidia imenipita kwa wiki chache. Hilo nimelikubali. Nilifurahi kwa ajili ya vijana wa aina ya yule wa Florida, ingawa yeye pia alishaondoka, goti limeharibika, hakuwahi kucheza ligi ya kulipwa.

Wageni ndio tuliosahaulika. Visa ya mwanafunzi, F-1, hairuhusu kazi za nje ya chuo ila kwa masharti makali, na kuvaa viatu vya kampuni mbele ya kamera kwa malipo ni kazi. Oscar Tshiebwe, mzaliwa wa Lubumbashi, alichaguliwa mchezaji bora wa mpira wa kikapu wa vyuo mwaka 2022 akiwa Kentucky. Wenzake Wamarekani walisaini mikataba ya matangazo nyumbani kwao, yeye akalazimika kungoja timu iende Bahamas Agosti ile, ndipo afanye kazi zake za matangazo huko, nje ya mipaka. Mchezaji bora wa nchi nzima! Sasa fikiria msichana wa mbio za nyika kutoka Kericho, ambaye timu yake haisafiri kwenda Bahamas na ambaye hakuna kampuni iliyosikia jina lake. Hata huo mgao mpya wa mapato, kwa mwenye F-1, mawakili wa vyuo wanauogopa, kwa sababu sheria ya uhamiaji haijabadilika hata kidogo. Kuna wakimbiaji wetu wanaochukua mataji ya taifa ambao wanapata kilekile nilichopata mimi, na kodi ya asilimia 14 juu.

Sisi hatukuanza jana kuvipa vyuo hivyo majina. Mwaka 1978 Henry Rono, mwanafunzi wa Washington State, alivunja rekodi 4 za dunia ndani ya siku 81: mita 5,000, mita 3,000 za kuruka viunzi na maji, mita 10,000 na mita 3,000. Kwa sheria za ridhaa za wakati ule mwanariadha hakupaswa kulipwa. Baadaye maisha yalimwendea vibaya, akafanya vibarua vya kila aina huko ugenini, na alifariki Februari 2024. Rekodi zile zilikitangaza chuo dunia nzima.

Jambo linalonitesa ni hili, na wazazi nawaambia waziwazi. Makubaliano ya House yameondoa vikomo vya zamani vya ufadhili na kuweka vikomo vya vikosi: mbio za nyika 17, riadha 45. Pesa zinazogawanywa zinakwenda zaidi kwa futiboli na mpira wa kikapu wa wanaume, na vyuo vinavyotafuta mahali pa kubana vinatazama michezo isiyoingiza kitu. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa miongoni mwa wale wa mwisho kikosini. Ningekwenda leo, huenda nisingechukuliwa. Msichana wa leo aliye kama nilivyokuwa mimi anaweza kukosa chuo kwa sababu yule kijana wa Florida amelipwa.

Nimelipima hilo mara nyingi, na bado nasema alipwe. Nilichopewa kilikuwa kizuri, lakini kilitolewa kwenye mkono wa mtu ambaye hakuulizwa, na wengi wa watu hao walikuwa vijana weusi wa familia maskini, waliokuwa wakitusomesha sisi, wacheza gofu na wapiga makasia. Kama nchi inataka wasichana wakimbie na wasome, nami nataka sana, basi itenge bajeti ya jambo hilo, ipunguze mshahara wa kocha, iahirishe chumba kipya cha kubadilishia nguo chenye televisheni kila kona. Pia wanaolipwa walipwe wakiwa na bima ya majeraha yanayobaki nao baada ya masomo, na mwenye visa ya mwanafunzi aruhusiwe kupokea anachopokea mwenzake wa timu. Hili la visa linahitaji bunge la kule, na sioni serikali yetu ikilisemea, ingawa ni watoto wetu.

Wiki iliyopita binti mmoja wa Nandi alikuja nyumbani na mamake. Ana barua mbili mkononi.

“Auntie, hiki cha kwanza kina uwanja mzuri,” akaniambia, akinionyesha picha kwenye simu.

Tukaziweka picha kando tukaandika maswali manne. Ufadhili ni wa mwaka mmoja au wa miaka yote, na nikiumia unaendelea? Kodi ya malazi na chakula inalipwa na nani? Nikikatwa kwenye wale 17 nitaendelea kusoma? Na mguu ukiwa bado unauma baada ya kuhitimu, bili ya hospitali ni ya nani? Tukayatuma kwa makocha wote wawili. Wa chuo chenye uwanja mzuri alijibu kwa ujumbe mfupi kwamba asiwe na wasiwasi, wao ni familia. Wa pili alijibu kwa barua rasmi: miaka minne, masomo hayakatizwi kwa jeraha wala kwa kukatwa kikosini, na chuo kinaongeza kiasi cha kufidia kodi. Swali la hospitali baada ya kuhitimu amelikwepa. Tumemwandikia tena, na nimemwambia binti asisaini hadi kocha atakapolijibu.